Kukimbia kilomita 21 ndani ya msitu wa Karura: inafaa pesa yako?

Jibu kwanza, wenye haraka waende wakajisajili: ndio, inafaa, hata kama unatoka mbali, bora tu usiende na hesabu za lami. Kama unatafuta kuvunja rekodi yako ya nusu marathon, mbio za barabarani ziko kibao na zitakufaa. Karura ni kitu kingine kabisa, na wengi ninaowasikia wakilalamika baada ya mbio za huko naona wanalalamikia kitu ambacho hawakuuziwa.

Kwa wasioijua, Karura ni msitu wa zaidi ya hekta 1,000 na uko ndani ya Nairobi, sio nje. Upande mmoja Muthaiga, mwingine Gigiri kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa, huku Runda, kule Ridgeways, na katikati ni miti tu. Ukishaingia kidogo honi za Limuru Road zinapotea, unaanza kusikia ndege na viatu vya wenzako. Vijia vya humo vinapita kilomita 50 ukivijumlisha, kwa hiyo mtu anaweza kukupangia 21 nzima bila kukuzungusha pale pale mpaka uchoke kuona mti ule ule. Kila mwaka mbio kadhaa zinafanyika humo na waandaaji ni tofauti tofauti, zingine za kuchangisha pesa, zingine za vikundi vya wakimbiaji, ndo maana hapa naongelea zaidi njia yenyewe na huduma venye mkimbiaji wa kawaida anaipata, mimi si wa mbele na si wa mwisho, niko kati na wengi wenu.

Tuanze na njia manake hiyo ndo unalipia. Kilomita za kwanza zinadanganya jameni. Unaanza kwenye barabara pana ya udongo mwekundu, imelala vizuri, kila mtu ana nguvu, muziki wa kuanzia bado uko masikioni, na ukiangalia saa unaona unaenda kasi kuliko ulivyopanga na bado unapumua sawa. Halafu njia inakata inaingia kwenye miti ya asili, inakuwa nyembamba ya mtu mmoja mmoja, na inaanza kushuka kwenda mtoni. Karura imekatwa na mito, na kila mto una bonde lake, yaani ukishuka jua utapanda, na hupandi mara moja. Hakuna mlima mrefu wa kutisha humo, hiyo niwe mkweli, ila vile vilima vifupi vinavyofuatana ndo vinamaliza miguu. Kwenye lami unapata mdundo wako unaushika mpaka mwisho, huku kila dakika chache mdundo unavunjwa, mara mzizi, mara kona, mara daraja la mbao, mara mawe yamelowa.

Kuna mzee mmoja mwenye mvi tulikuwa tunapishana naye njia nzima, kwenye mteremko mimi napita, kwenye mlima yeye ananipita akitembea, anatembea kabisa, mikono kwenye mapaja. Mara ya mwisho akanigeukia akaniambia, "Kijana, mlima wa huku tembea, mbio utazikuta juu." Na kweli alimaliza mbele yangu. Ukichukua kitu kimoja tu kwa haya yote chukua hicho. Kwenye msitu unakimbia kwa jasho lako, sio kwa namba za kwenye saa. Na hata hizo namba zenyewe si za kuaminiwa sana, miti ikifunga juu saa inapoteza setilaiti, kona ndogo ndogo inazikata, mwishoni unakuta imekuandikia pungufu ya 21 wakati miguu inajua imefanya nini. Halafu watu wanaenda kwa waandaaji na simu mkononi eti njia ni fupi. Si lazima iwe fupi, ni saa tu imeruka kona.

Wanaotoka pwani wajipange zaidi. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mtu wa Mombasa au Dar akija Jumamosi akimbie Jumapili ataona kifua kinamkatalia kwenye kilima cha kwanza, na si kwamba hajafanya mazoezi. Kama una nafasi fika siku kadhaa mapema.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni kule mto unapopita karibu na mapango, yale watu wanayaita mapango ya Mau Mau kwa sababu wapiganaji walijificha humo. Njia inashuka upande wa mto, mianzi imesimama kushoto kulia, hewa inabadilika ghafla inakuwa baridi, na ardhi inakuwa laini unaisikia ikikupokea mguu. Kuna maporomoko ya maji hapo yenye kimo cha kama mita 15, hatukuteremshwa mpaka chini, nadhani ni kwa sababu ya zile ngazi, watu mia kadhaa kwenye ngazi zilizolowa ni ajali inayosubiri siku yake, ila mlio wa maji unausikia vizuri. Baada ya hapo nikaona mbega juu ya mti, wale weusi wenye joho jeupe mgongoni na mkia wa manyoya. Hao waliletwa hapa kutoka Kipipiri, na sasa wanaruka juu ya vichwa vya watu waliovaa namba vifuani. Nilisimama. Watu wakanipita na sikujali.

Na siafu! Kama mvua imenyesha usiku, angalia chini. Tulikuta msafara wao umekata njia, mstari mweusi unaong'aa upana wa kiganja, aliye mbele akapiga kelele "siafu siafu ruka!" na ujumbe ukarudi nyuma mtu kwa mtu, kila mmoja anaruka. Dada mmoja aliyekuwa na vipokea sauti masikioni hakusikia akakanyaga katikati, tukamwacha kando anavua soksi huku wawili wanamsaidia kuwatoa mmoja mmoja. Vipokea sauti viacheni nyumbani jamani, au vaeni sikio moja. Humo mnashirikiana na baiskeli pia, na watu wanaotembeza mbwa, njia haifungwi yote kwa ajili yenu.

Maji. Hapa nawapa waandaaji alama nzuri na naomba wakimbiaji waelewe. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga na misitu ya hifadhi Kenya, kwa hiyo zile chupa ndogo za maji tulizozoea kwenye mbio za mjini huzipati humo, na ukija nayo walinzi wanaizuia getini. Unakuta meza ina madumu makubwa na bilauri, au unajaziwa chupa yako mwenyewe. Wanaokimbilia muda wanaona ni kupotezewa sekunde. Mimi naona ni sawa kabisa, nimekimbia 21 nzima sijaona chupa hata moja kwenye majani, hebu fananisha na barabara yoyote ya mjini siku ya mbio. Bebeni chupa laini ya mkononi au mkoba mdogo wa kiunoni, vituo vya maji msituni viko mbali mbali kuliko mlivyozoea, gari haliwezi kufika kila mahali.

Ambapo hawakunifurahisha ni alama za njia. Makutano ya Karura yana nguzo zenye namba, na kwenye matembezi ya kawaida zinasaidia sana, lakini mtu anayekimbia na jasho machoni hawezi kuanza kusoma namba na kulinganisha na ramani. Kulikuwa na makutano mawili hivi ya njia tatu ambayo yalikuwa na utepe mmoja tu umefungwa kwenye tawi, hakuna mshale wala mtu, na kikundi chetu kilisimama tukijadiliana mpaka aliyekuwa nyuma akatuambia anaijua njia. Weka mjitoleaji mmoja mwenye kizibao cha rangi kila makutano, basi. Pale walipokuwepo walikuwa wazuri mno, vijana wanakupigia makofi, wanakuita kwa jina lililo kwenye namba yako, "Twende baba, umebakisha kidogo!" hata kama haujabakisha kidogo. Huduma ya kwanza niliiona kuanzia na kumalizia, katikati niliona pikipiki moja tu. Kwa njia yenye mizizi hivyo, watu watateguka, hiyo iongezwe.

Viatu. Kiangazi viatu vya kawaida vya lami vinatosha, usidanganywe ununue vipya kwa ajili ya mbio moja. Msimu wa mvua, Machi mpaka Mei na tena Oktoba mpaka Disemba, ni hadithi nyingine, ule udongo mwekundu unanata chini ya kiatu unakuwa mzito kama umefungiwa tofali, na kwenye mteremko unateleza kama sabuni imemwagwa. Hapo meno ya chini ya kiatu yana kazi. Fupisha hatua, mikono nje, na usifunge breki katikati ya mteremko.

Sasa pesa. Kuna ada ya kujisajili na uulize mapema kama kiingilio cha msitu kimo ndani au unalipa getini, kwa simu, sio taslimu. Unapata fulana, namba, medali ya mbao, na chai na ndizi mwishoni. Fulana yangu ilikuwa ndogo na haikubadilishwa, medali ni nzuri sana. Ila mimi nikilipia mbio za Karura sihesabu fulana. Mwishoni mwa miaka ya 90 sehemu kubwa ya msitu huu ilikuwa imeshagawiwa watu binafsi wajenge, na tarehe 8 Januari 1999 mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walienda pale kupanda mti wakapigwa na majamaa waliokodiwa, yeye akatoka na kichwa kinavuja damu. Hawakurudi nyuma. Bila wao, mita zote hizo tunazokimbia, ile mianzi, wale mbega, pangekuwa ni kuta na mageti ya watu. Hivyo mtu akiniambia ada ni kubwa kwa "kukimbia porini tu" namsikiliza lakini sikubaliani naye hata kidogo. Leo kuna uzio wa umeme, kuna walinzi, mikaratusi inaondolewa polepole inapandwa miti ya asili kama mihugu na mikinduri, mama mmoja nilimkuta anafanya 10 zake peke yake asubuhi bila wasiwasi. Miaka ya nyuma hakuna mwanamke angethubutu kuingia humo peke yake.

Kufika si shida. Matatu za Ruaka na Banana zinapita Limuru Road, waambie wakushushe geti la Karura, na ukitokea Kiambu Road kuna geti lingine upande wa makao makuu ya Kenya Forest Service, kwa hiyo soma vizuri mbio zako zinaanzia lipi manake kutoka moja hadi lingine si karibu kwa mguu. Wenye magari wawahi kabla ya saa kumi na mbili na nusu, maegesho yanajaa. Watoto waleteni, kuna mbio fupi zao na nyasi za kuchezea wakisubiri. Na choo kiko getini, kilomita kumi na nne hakipo.