Shokapu fupi au ndefu kwa njia za Tanga? Mie upande wangu huu

Kama unakaa Tanga mjini na hela yako inatosha baiskeli moja tu ya milimani, chukua ya shokapu fupi, milimita 120 mbele na 120 nyuma, basi, chenji itakayobaki itie kwenye matairi na breki. Ndo jibu langu. Anayetaka kuishia hapa aishie, anayetaka ubishi asogee karibu, manake kwa ubishi wa baiskeli sie watu wa Tanga hatujambo, mji mzima huu tumekulia juu ya Phoenix na kila mtaa una fundi na kila fundi ana wapinzani wake.

Tuelewane kwanza hizo namba. Milimita zinazotajwa ni ule urefu ambao shokapu inazama kutoka imenyooka mpaka imegota. Za krosi kantri, yaani mbio za kupanda na kushuka porini, zinakaa 100 mpaka 120, za kuzurura porini kawaida 130 mpaka 150, za enduro, zinazopenda kushuka njia ngumu ila bado unapandisha kwa miguu yako, 150 mpaka 180, na zile za daunhili ambazo kazi yake ni kushuka tu zinafika 200. Mfano rahisi ni baiskeli za kampuni ya Trek, Top Fuel ya 2022 ni 120 mbele na 120 nyuma, Slash ya 2021 ni 170 mbele 160 nyuma, kampuni moja lakini baiskeli zenyewe hazijuani kabisa. Watu wengi wakiona 170 wanaichukulia kama RAM ya simu, ikizidi ndo bora. Siyo hivyo bwana. Mwendesha baiskeli Mwingereza Tom Pidcock kachukua dhahabu ya Olimpiki Tokyo, akaja akaichukua tena Paris 2024, na hayo mashindano ya krosi kantri ni ya shokapu fupi, wakati njia zenyewe zina mawe na sehemu za kuruka ambazo wengi wetu tungeshuka tukakokota.

Kinachosahaulika ni kwamba milimita haziji peke yake. Ukiongeza shokapu, fremu inanenepa, tairi zinakuwa nzito, na ile shingo ya mbele inayoshika usukani na gurudumu inalazwa, digrii 64 au 63 hivi, wakati fupi zinakaa 66 mpaka 68. Shingo ikilala gurudumu la mbele linakuwa mbali na wewe, ukishuka kwa kasi baiskeli imetulia tuli, raha tupu, lakini ukipandisha polepole hilo gurudumu linatangatanga, mara kushoto mara kulia, unatumia nguvu ya mikono kulirudisha njiani. Na uzito, enduro nyingi kilo 15, 16 na ushee, fupi nzuri kilo 12 au 13. Kilo tatu ukizisoma kwenye karatasi unaona si kitu, ngoja jua la saa tano la huku pwani likukute nazo na jasho halikauki.

Sasa tuje njiani kwenyewe. Wengi wetu Jumamosi tunakwenda Amboni, unatoka mjini unashika barabara ya Horohoro, kama kilomita 8 hivi ushafika upande wa mapangoni. Yale mapango ni ya mawe ya chokaa na eneo lote lile ndo hivyo hivyo, mawe yamechomoza ardhini yana ncha kali, yanakaa na mizizi, halafu kuna vishuko vifupi vikali kwenda upande wa mto Mkulumuzi, ukishuka tu ushaanza kupanda tena. Neno lenyewe hapo ni VIFUPI. Hakuna mteremko wa dakika kumi kule, ni sekunde kadhaa unashuka, unakata kona, unasimama kwenye pedali unapandisha. Kwa mwendo wa namna hiyo baiskeli fupi unaikandamiza inaruka, unaigeuza inageuka, ukikanyaga inakwenda. Kinachokuumiza Amboni si upungufu wa shokapu, ni lile jiwe linalokata tairi ubavuni, na ubavu ukichanika hata uwe na milimita 200 utarudi kwa miguu.

Jamaa yetu mmoja wa Chumbageni ana enduro ya 170, kanipa nikazunguka nayo njia hiyo hiyo tunayoijua wote. Kushuka, wallah, sina la kusema, mawe ambayo huwa nayakwepa nilipita juu yake nikiwa nimekaa zangu kimya. Ila ukishaikalia, nyuma inazama karibu theluthi kabla hujaanza hata kukanyaga, na ikizama pedali zinashuka na zenyewe, sasa kile kipande cha kutokea mtoni ambako inabidi ukanyage katikati ya mawe, pedali ya kulia ikala jiwe, ka! mguu ukachomoka, baiskeli ikasimama. Nikajaribu kuvizia pedali ziwe zimelala sawa kila nikifika kwenye jiwe, inawezekana, lakini mwendo unakufa. Na kurudi mjini kwenye lami na zile tairi zake pana zenye meno makubwa unasikia vuuuuu njia nzima, unakanyaga, mbele na nyuma inadunda, ina loku ya kuzuia shokapu isizame ndiyo, unaifunga inatulia kidogo, ila ukishaanza kupanda baiskeli ambayo muda mwingi umeifunga shokapu zake jiulize ulizinunulia nini.

Mashamba ya mkonge huko ndo kabisa, barabara zimenyooka, tambarare, udongo mgumu kiangazi na masika tope linaloganda mpaka tairi haizunguki kwenye fremu. Adui mkubwa ni mwiba, ule mweusi wa kwenye ncha ya jani la mkonge, na visiki vilivyojificha kwenye majani. Hapa shokapu yoyote ile haikusaidii, kinachosaidia ni tairi isiyo na tyubu, ile unayomwaga dawa nyeupe ndani, mwiba ukiingia dawa inaziba yenyewe unaendelea na safari. Mie naona hela ya kutoka 120 kwenda 160 bora mara kumi uiweke hapa, tairi ya upana wa inchi 2.3 au 2.4 yenye ubavu mnene, mbele na nyuma, na breki za diski za mafuta zinazoshika. Upande wa Pangani, njia za pembeni za kule Tongoni na Kigombe, ni mchanga na matumbawe, upepo wa baharini usoni, hapo punguza upepo wa tairi kidogo uelee juu ya mchanga, habari ya shokapu hata usiitaje.

Amani, kule juu ya Muheza, ndo inaleta maneno. Unaanzia Muheza unapanda msituni mpaka Amani kwenyewe, mita 900 hivi juu ya bahari, udongo mwekundu unaoteleza mvua ikigusa tu, malori ya chai yanashuka kwenye kona na we unapandisha upande wako huku unahema. Watu wanasema kule si mlima, si ndo pa shokapu ndefu? Haya, nani kakupeleka juu? Miguu yako. Masaa ya kupanda ni mengi kuliko ya kushuka, na njia ya kushukia kubwa ni barabara hiyo hiyo ya magari. Vinjia vya msituni na vya katikati ya chai vipo na ni vitamu, lakini ukifika umechoka huna hamu navyo. Kwa mtu wa Muheza au anayekwenda Amani mara kwa mara mie naweza kukubali aongeze mbele iwe 130 au 140 nyuma ibaki 120, mikono inapumzika kwenye mashimo, na uzito hauzidi sana. Zaidi ya hapo unabeba mzigo.

Lushoto, haki yao niwape. Kule baiskeli ndefu ina maana. Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kilomita 33 za lami, mji uko kama mita 1,400, na hiyo njia ya kupanda unaweza kuikwepa, unaongea na konda baiskeli inapakiwa unapanda basi umekaa zako. Halafu asubuhi yake unasogea upande wa Irente, unaiona nyika yote iko chini ya miguu yako, na kuna njia za miguu zinashuka kuelekea Mazinde, mawe, vumbi, kona za kukunja kabisa, mteremko haumaliziki mpaka vidole vinagoma kubana breki. Kwenye shokapu ya 120 njia kama hiyo inashukika lakini unashuka kwa adabu, unachagua kila jiwe, na mikono kesho yake haishiki kikombe. Kwenye 160 au 170 unaiachia. Hizi baiskeli ndivyo zilivyotengenezwa, kwa watu kama wale wa Whistler kule Kanada ambao wanapandishwa mlimani na lifti za nyaya wao kazi yao kuteremka tu. Kwa hiyo mtu wa Lushoto, au mwenye pikapu na rafiki wa kuendesha pikapu, huyo simkatazi. Ila wa Ngamiani hapa mjini unaenda Lushoto mara ngapi kwa mwaka? Kwa safari hizo chache azima, au shuka taratibu.

Na bei tusiifiche. Fulu saspensheni, yaani yenye shokapu mbele na nyuma, mpya ya maana, ndefu au fupi, ni dola elfu 3 na kwenda mbele, hapo usafiri na ushuru bado, ni bodaboda mbili mpya hizo. Ndo maana ukiniuliza kwa siri nitakwambia hata hiyo ya shokapu nyuma uiache, chukua ya mbele 120 nyuma ngumu, kwa Amboni na mkonge utakuwa unamsubiri mwenzio mwenye enduro kivulini. Inatikisa mgongo, ndiyo, kwenye mizizi inakurusha rusha, lakini haina beringi za nyuma za kuliwa na chumvi.

Chumvi hiyo ndo jambo ambalo wauzaji hawakwambii. Hewa ya Tanga inakula chuma, baiskeli ya shokapu nyuma ina maungio na beringi kila kona na kila moja inataka mafuta na kufunguliwa, na shokapu ya mbele nayo ina ratiba yake, RockShox, watengenezaji wa shokapu, wao wanasema ile miguu ya chini ifunguliwe ibadilishwe mafuta kila masaa 50 ya kuendesha. Hamsini tu! Anayeendesha kila wikiendi anazimaliza katika miezi michache. Na si kila fundi wa kumpa, kuna fundi mmoja wa pikipiki nilimwachia shokapu kajaza grisi nzito mpaka ikawa haizami, ikabidi kufungua upya na kufuta yote kwa kitambaa. Ukinunua baiskeli ya shokapu za upepo nunua na pampu yake siku hiyo hiyo, ile ndogo yenye mshale wa presha, usije ukaipeleka kwa wajaza upepo wa magari, shokapu inataka upepo mchache wenye presha kubwa na kompresa inashindilia kwa mkupuo.

Ukishapata pampu pima uzamaji, yaani shokapu inazama kiasi gani ukiwa umeikalia tu, ni dakika tano tu. Kwenye bomba la shokapu ya mbele kuna kiringi kidogo cha mpira, kisukume chini mpaka kiguse sili, ule mpira unaozuia mafuta yasivuje, vaa kila kitu unachoendea, mpaka maji mgongoni, kaa juu ya baiskeli pole pole mwenzio kakushikilia, shuka bila kudunda, angalia kiringi kimepanda kiasi gani. Kwa 120 unataka kama milimita 24 mpaka 30. Kikipanda zaidi ongeza upepo, kikipanda kidogo punguza. Nimeona watu wanalalamika baiskeli ngumu, wanataka kuiuza wanunue ndefu zaidi, kumbe upepo umewekwa wa mtu wa kilo mia na yeye ana sitini.

Kwa wanaotafuta ya mtumba, na wengi ndo sie, usiangalie rangi. Pitisha ukucha kwenye mabomba ya shokapu ya mbele kutoka juu mpaka chini, ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo hata mdogo jua mafuta yatavuja na sili mpya haitasaidia. Halafu shika siti unyanyue baiskeli kidogo kidogo nyuma, isinyanyuke gurudumu, ukisikia tok tok kabla ya gurudumu kuitika, bushi au beringi zimekwisha. Kandamiza mbele mara kadhaa kwa nguvu uangalie bomba, utando mwembamba wa mafuta ni sawa, mduara mnene unaong'aa siyo. Muulize muuzaji pampu na kile kijiti cha kufungia loku ya shokapu vipo? Na ikiwa ni ndefu ya 160 anakuuzia kwa bei ya fupi, uliza kwanza saizi ya shokapu ya nyuma, urefu na mzamo wake, tafuta kama bado inauzwa, ndo umpe hela.