Kipima pembe chenye sumaku: kazi yake kwenye propela shafti

Gari likiinuliwa springi au likibadilishiwa giaboksi, propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi ekseli) haikai tena kama ilivyokaa awali. Kisanduku hiki cha kidijitali chenye sumaku chini kinasoma hadi sehemu ya kumi ya digrii, na kwa kazi ya kupima pembe zake kinastahili kununuliwa. Jicho halitofautishi digrii 2 na 4, lakini krosi, yaani viungo vinavyopinda kwenye ncha za shafti, zinatofautisha.

Gari lisimame kwa magurudumu yake kwenye sakafu iliyo sawa, au ekseli zikae juu ya stendi. Ukiinua chasi, difu (kisanduku cha gia kwenye ekseli) inaning'inia na vipimo vyote ni bure. Sugua kutu kwanza, kwa sababu chembe moja tu chini ya sumaku inapotosha kipimo. Pima pembe ya giaboksi, ya bomba la shafti na ya difu. Kwenye uso wa flanji, sahani ya kufungia shafti, kifaa kinasimama wima, kwa hiyo tafuta tofauti yake na 90.

Chukua giaboksi iliyoinama nyuma digrii 4.0, shafti 6.5, difu 4.2, zote upande mmoja. Krosi ya mbele inafanya kazi kwa digrii 2.5 (6.5 kutoa 4.0), ya nyuma 2.3 (6.5 kutoa 4.2). Hapo ni pazuri: tofauti haifiki digrii 1 na hakuna krosi iliyozidi 3. Usiilazimishe pembe ya krosi iwe sifuri, maana visindano vya beringi yake visipozunguka vinachimba vishimo palepale vilipo. Difu yenye springi za bapa hurekebishwa kwa kabari chini ya springi.

Udhaifu mkubwa wa kifaa uko hapa: aina nyingi hazionyeshi alama ya kutoa, zina mshale mdogo tu. Miinamo ikielekea upande mmoja unatoa, ikipingana unajumlisha. Ukichanganya, kabari inaingia kinyume na mtetemo unazidi. Andika mwelekeo kwa chaki kwenye kila kipande. Chagua chenye taa ya kioo na kitufe cha kushikilia namba, kwa kuwa chini ya gari huwezi kukisoma kikiwa kimebandikwa. Simu haiwezi kukipokea kazi: kingo zake ni za mviringo na haishiki chuma.

Kuna mambo mawili ambayo kifaa hakiyaoni. La kwanza ni mpangilio wa yoki, yaani uma zinazoshika krosi: za ncha mbili za shafti lazima zilingane. Shafti ya vipande viwili ikichomolewa bila alama na kurudishwa jino moja pembeni, gari linatetemeka hata pembe zikiwa safi kabisa. La pili ni urefu. Sukuma yoki ya kuteleza, ile inayoingia kwenye giaboksi kwa meno, hadi mwisho, weka alama, kisha irudishe nje milimita 20 hadi 25, gari likiwa limebeba uzito wake. Ikibaki pungufu, springi zikibonyea shafti inagonga ndani ya giaboksi na kuua beringi. Ikizidi sana, meno machache yanabeba nguvu yote na kulika upesi.