Junior college ya Pune, miaka miwili ya binti yangu: nyota 3 kati ya 5

Wazazi wenzangu mnaoniuliza inboksi kuhusu five na six huku India, nimechoka kujibu mmoja mmoja, someni hapa. Binti yangu kamaliza darasa la 12 mwaka huu, PCB (fizikia, kemia na bailojia), kwenye junior college moja hapa Pune, jina naliacha. Na hilo neno college lisiwachanganye, ni five na six tu, ukihamia Kerala utasikia plus two, Karnataka wanaita PUC, Bihar wanasema Inter, mzigo ni uleule.

Zuri kwanza. Vitabu vya NCERT, lile baraza la taifa linalotoa vitabu vya shule, unavipakua bure kwenye tovuti yao, na vya karatasi bei yake haiumizi. Cha bailojia kwetu kimechanika jalada, maana mtihani wa NEET wa kuingia udaktari unakifuata karibu mstari kwa mstari, hapo nyota tano bila ubishi.

Sasa kilichoniudhi. Ada tumelipa na ya maabara ndani yake, mwezi wa pili tangu aanze mtoto ananiambia mama darasani tuko tisa. Tisa! Wengine wote wako koching, yaani vituo vya tuisheni ya mitihani, jina liko college mwili uko kwingine, na college inajua. Mwalimu wa kemia mwenyewe kamuuliza, wewe mbona hujaenda koching? Taitresheni, lile jaribio la kemia la maabara, ya kwanza wamefanya Januari, wiki chache kabla ya praktiko ya bodi, sijui hiyo hela ya maabara ilikuwa inakula nini mwaka mzima. Ikabidi na mimi nitafute koching, nikawa nalipa shule mbili kwa mtoto mmoja.

Na wala haikupangwa hivi jamani. Zamani Inter ilikuwa chini ya vyuo vikuu, Tume ya Sadler ya 1917 hadi 1919 ndio ikasema hawa watoto watolewe huko wapewe vyuo vyao, baadae tume ya Mudaliar miaka ya 50 ikataka shule yote hadi mwisho wa sekondari iwe miaka 11, halafu ripoti ya tume ya Kothari ya 1966 ikaleta 10+2+3 tunayoiona leo, miaka 10 ya shule, 2 hii ya five na six, 3 ya digrii. Hiyo 2 ya katikati ilitakiwa iwe na faida yake yenyewe, wengine wakitoka pale waende chuo, wengine washike ufundi waingie kazini. Sera ya elimu ya 1986 ikaweka kabisa hesabu, asilimia 10 ya wanafunzi wa hiyo miaka miwili wawe kwenye ufundi ifikapo 1990 na 25 ifikapo 1995. Haikufika. Mimi siku ya usajili niliuliza habari za ufundi, karani akaniangalia kama nimeomba pilau kanisani, akanirudishia fomu ya Science. Sera mpya ya 2020 nayo inataka mtoto aweze kuchanganya masomo, fizikia na historia kama anapenda, ila kwa college yetu hiyo habari haijafika.

Nyota tatu ni za vitabu na wale walimu wawili watatu waliokuwa wanaingia darasani hata wakikuta watoto wanne.

Ukienda kutafuta nafasi usiende Jumapili wanapopokea wazazi kwa chai, nenda Jumatano saa nne asubuhi uombe kuonyeshwa maabara, halafu hesabu vichwa.