Kisiwa Cheusi cha Hergé: ununue toleo lipi kati ya matatu?

Ukiulizia dukani Kisiwa Cheusi, kile kitabu cha katuni cha mwandishi kijana Tintin akiwasaka watengeneza pesa bandia hadi Scotland, utapewa toleo la 1966. Ndilo linalochapwa tena na tena. Hiyo ilikuwa mara ya tatu kwa Hergé, mchoraji Mbelgiji aliyembuni Tintin, kuichora hadithi hiyo, na kwa maoni yetu siyo iliyotoka vizuri kuliko zote.

Ya kwanza ilitoka gazetini kwa mfululizo, 1937 hadi 1938, kisha ikawa kitabu cha kurasa 124 bila rangi. Wakati wa vita karatasi ikaadimika, wachapishaji wake, Casterman, wakataka vitabu vyembamba vyenye rangi, na mwaka 1943 hadithi ikabanwa hadi karibu nusu. Ya tatu ilizaliwa na malalamiko: wachapishaji wa London, Methuen, walipotaka kuitoa kwa Kiingereza waliorodhesha makosa 131 kuhusu maisha ya Uingereza. Mwaka 1961 Hergé akamtuma msaidizi wake Bob De Moor akajionee mwenyewe majengo, sare na mandhari.

Kutambua ulichoshika ni rahisi. Tafuta treni ya mizigo yenye behewa la tangi la wiski. Likiandikwa Johnnie Walker, hilo ni toleo la zamani. Likiandikwa Loch Lomond, ni la 1966. Angalia pia televisheni: mwaka 1943 picha yake ilitiwa rangi, halafu 1966 ikarudishwa nyeusi na nyeupe, kwa kuwa Waingereza walikuwa bado hawajapata televisheni ya rangi. Usahihi wa namna hiyo umeenea kitabu kizima. Treni za mvuke zimepisha za dizeli na umeme, na ndege zimechorwa upya na Roger Leloup, msaidizi mwingine wa Hergé, bingwa kwelikweli wa kuchora mitambo.

Kasoro iko hapohapo. Mandhari yamesogezwa miaka thelathini mbele, ila Tintin kabaki na suruali yake ya magotini na mikao ileile ya zamani, kama picha iliyokatwa ikabandikwa juu ya picha nyingine. Kila kisanduku kimejaa nyaya, mabomba na vibao, jicho linakwama pale linapotakiwa kukimbia na mkimbizaji. Toleo la 1943 lina mistari michache na rangi tulivu; kufukuzana kwake kunasomeka kwa pumzi moja.

(Kuchora upya hakukuwa kwa ajili ya treni tu. Katika kitabu kingine cha Hergé, Tintin nchini Kongo, Tintin wa 1931 anawafundisha watoto wa Kikongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Mwaka 1946 somo likageuzwa hesabu ya kujumlisha. Namna Wakongo walivyochorwa, hiyo ikaachwa vilevile.)

Kwa hiyo, anayemnunulia mtoto achukue la 1966, halina shida. Anayejifunza kuchora atafute nakala ya Casterman ya Kifaransa iliyoandikwa fac-similé (yaani iliyochapwa sawasawa na ya awali), yenye mwaka 1943; hata asiyejua Kifaransa atafuata picha. Epuka yale majalada madogo yenye hadithi tatu kwa pamoja: picha zimepunguzwa mno, na maandishi ya kwenye viputo yanataka miwani.