TAHADHARI: Fomu ya kuingia Barbados ni BURE, msilipe mtu

Ndugu zangu mnaopanga safari ya Barbados, mtakaotua uwanja wa Grantley Adams, naomba msome hii kabla hamjajaza chochote mtandaoni.

Siku hizi fomu ya uhamiaji na forodha ya Barbados inajazwa kwenye intaneti kabla hujafika. Ni fomu ya serikali na haina malipo hata senti moja. Tovuti yake ni travelform.gov.bb, basi. Shida ni kwamba ukitafuta Google, juu kabisa unaweza kukutana na tovuti za watu binafsi waliolipia tangazo. Wameweka bendera ya Barbados na ule mkuki wake wa ncha tatu, na maswali ni yale yale ya fomu halisi. Unajaza weee, ukurasa wa mwisho ndipo unaombwa kadi ya benki.

Shemeji yangu anayeishi London wamempata hivyo, yeye na wanawe, kila mmoja na fomu yake ya kulipia. Bei iliandikwa kwa alama ya dola tu. Akadhani ni dola za Barbados, ambazo 2 ni sawa na 1 ya Marekani tangu 1975. Benki ikakata za Marekani. Kulalamika, akajibiwa kuwa hiyo ni "ada ya huduma" na masharti yako chini ya ukurasa. Yapo kweli, kwa herufi za kutafutia miwani. (Hata teksi za pale uwanjani hazina mita, kwa hiyo kabla mzigo haujapakiwa, uliza nauli ni dola za wapi.)

Pesa zinauma, lakini mimi kinachonitisha ni kingine. Watu hao sasa wana namba za pasipoti za watoto, tarehe zao za kuzaliwa, anwani ya nyumbani na siku ya ndege. Yaani wanajua nyumba itakuwa tupu lini!

Kwa hiyo tazameni mwisho wa jina la tovuti, kabla ya mkwaju (/) wa kwanza unaofuata jina hilo. Lazima liishie na .gov.bb, pamoja na nukta ya mbele. Maneno "gov", "barbados" au "airport" yakiwa mwanzoni au katikati hayana maana yoyote, kila mtu anaweza kuyanunua. Ukiona wanakuuliza unataka ya kawaida au ya haraka, kila moja na bei yake, funga ukurasa. Na linki za kutumiwa WhatsApp msizibonyeze, andikeni wenyewe.

Aliyekwisha kulipa apige simu benki leo, kadi ifungwe na malipo yapingwe. Piga picha ya ukurasa na risiti, benki watavihitaji. Kisha ujaze upya fomu ya serikali, maana huna uhakika kama wale waliiwasilisha yako.