Chakula cha mchana cha safari ya miguu: kabla ya kununua, fikiria utabaki na nini begini

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji kuhusu chakula cha njiani karibu yote yanafanana. Ni nadra mtu kusema chakula kilikuwa kibaya. Wanasema mafuta ya samaki yamelowesha nguo za kulalia, begi linanuka tangu siku ya pili, panya wamelitoboa usiku. Kwa hiyo leo sigusi ladha wala protini. Naangalia jambo ambalo wauzaji hawalitaji kabisa: ukishakula, unabaki umebeba nini? Porini hakuna pipa la taka. Kila kopo na kila karatasi inarudi begini, na itakaa humo mpaka mwisho wa safari.

Namba moja, na sifichi kwamba nampendelea, ni jodari wa StarKist wa pakiti laini, ile ndogo ya gramu 74. Hakuna maji ya kumwaga. Unachana juu, unakula, unapangusa ndani kwa kipande cha mwisho cha tortila (chapati nyembamba ya Kimeksiko), unakunja mara mbili, na pakiti inalala bapa kama bahasha. Kopo ukishalifungua lina kingo zinazokata vidole, mafuta yamejificha kwenye ukingo wa chini, na kuliponda kwa mkono huwezi. Chukua wa mafuta ya zeituni, kwa sababu jodari wa maji ana kalori chache mno kwa mtu anayepanda mlima. Tortila nayo ndiyo mkate wa safari. Mkate wa boflo utaukuta umekuwa makombo.

Siagi ya karanga inafuata. Ina kalori zinazokaribia 600 kwa kila gramu 100, na haihitaji jiko. Nunua ya chupa ya plastiki yenye kifuniko cha kuzungusha. Vile vipakiti vya mtu mmoja sivitaki hata kuviona: hata ukivikamua vipi, kijiko kizima kinabaki kwenye pembe, na baada ya siku tatu una rundo la vipakiti vinavyochuruzika mafuta. Soma pia viungo. Kama ni karanga na chumvi tupu, mafuta hupanda juu, na begi likilazwa ubavu yanapenya kifunikoni. Ile iliyochanganywa isijitenge ndiyo ya kubeba.

Jibini ngumu naiweka ya tatu. Parmigiano Reggiano huivishwa miezi isiyopungua 12, hivyo ina maji kidogo na inavumilia siku kadhaa bila friji kama hakuna joto kali. Kukiwa na joto hutoa jasho la mafuta, basi ifunge kwa karatasi ya nta badala ya plastiki. Salami kavu, yaani soseji iliyokaushwa, nayo inafaa, mradi ununue nzima na kisu unacho. Iliyokatwa vipande inakuja na sinia la plastiki lenye mafuta, na sinia hilo halikunjiki.

Vitafunio vya nguvu vya kipande kimoja vina takataka ndogo, lakini angalia ile pembe inayochanwa. Ndiyo ninayoiokota njiani kuliko taka nyingine yoyote! Usiichane hadi ikatoka.

Tambi za papo hapo na biskuti za chumvi ni nafuu na zinashibisha. Zinavunjika, basi.

Vyakula vilivyokaushwa kwa kugandishwa nimeviweka mwisho makusudi. Mchana vinakulazimisha kutoa jiko, kuchemsha karibu nusu lita ya maji na kungoja dakika 10 au 15, kisha unabaki na mfuko mgumu wenye mchuzi ndani. Pakiti inasema watu wawili. Mtu mmoja aliyetembea tangu alfajiri anaimaliza na bado ana njaa. Na bei! Lozi na zabibu kavu zile zile, zikichapishwa picha ya kilele cha mlima, zinapanda bei papo hapo. Muuzaji mmoja nilipomuuliza sababu alinijibu kwamba nalipia ubora wa pakiti. Yaani nilipie zaidi kwa ajili ya kitu nitakachokibeba kama taka! Nunua lozi na zabibu za kupimiwa, zitie kwenye mfuko wako wa zipu, na ukirudi uoshe mfuko huo kwa safari ijayo.