Simu sita za Kariakoo na moja ya Houston: uzoefu wangu

Nafundisha fizikia sekondari, Morogoro. Mwaka jana nilihitaji simu saba kwa mpigo: moja yangu, kwa kuwa ya zamani betri ilivimba mpaka mfuniko ukaachia, na sita za majaribio darasani. Kwetu mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu, kwa hiyo nilimwandikia mkuu wa shule barua: simu ni za mwalimu, zitalala kabatini ofisini kwake, na hazitawekwa laini. Akaridhia.

Mdogo wangu anaishi Houston. Huko aliona simu mpya za kulipia kabla, ndani ya boksi, bei chini kuliko simu janja yoyote mpya ya huku, akanunua mbili na kumpa mtu aliyekuwa anakuja. Nilipochomeka laini yangu, kioo kikanitaka niingize namba ya kufungulia mtandao. Simu zote mbili zilikuwa zimefungwa na kampuni iliyoziuza, na ndiyo siri ya urahisi ule. Kampuni inakupunguzia kwenye simu ili irudishe fedha yake kwenye vocha, na haikufungulii mpaka uwe umetumia laini yake kwa muda iliojiwekea. Mimi niko Morogoro, laini ya Houston nitaitumia wapi? Fundi mmoja akajaribu kuflashi moja, yaani kuipakia programu upya, ikaganda kwenye nembo na haijaamka hadi leo. Iliniuma, kwa sababu ni jasho la mdogo wangu. Ya pili sikumpa fundi. Niliipeleka maabara, maana vihisio vya simu, yaani sensa zake, vinafanya kazi hata bila laini.

Zilizobaki nikazifuata Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Duka la kwanza walinikataza kuchomeka laini kabla ya kulipa. Nikaaga. La pili nilimkuta kijana akaniamkia, nikamweleza mimi ni mwalimu na nataka nini, naye akavuta stuli nikae. Tulikaa kwa muda wa karibu saa tatu.

Nilikwenda na laini mbili za mitandao tofauti. Kila simu nilichomeka zote mbili, nikapiga, nikapigiwa. Halafu nikabonyeza *#06#, nikalinganisha namba ya IMEI, yaani utambulisho wa simu yenyewe, na iliyo kwenye boksi, nikaituma kwa ujumbe kwenda 15090, namba ya kuhakiki simu, na majibu yakaja na jina la aina ya simu. Wengi tunakumbuka Juni 2016, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia na watu wakaamka na vioo visivyo na mtandao. Sikutaka yanikute darasani.

Hatua iliyoniokoa zaidi ni ya kufuta simu yote na kuiwasha upya ikiwa kwenye intaneti ya duka. Simu ya tatu ilipowaka, ukatokea ujumbe kwamba ni mali ya mkopeshaji. Ilikuwa simu ya mkopo ambao haujaisha, na mwenyewe ameshaiuza. Kwa macho ilikuwa nzuri kuliko zote. Kijana alishtuka kweli, akaiweka pembeni, akaniambia, "Mama, hii nisingekupa kwa kujua." Namwamini, kwa sababu tangu hapo alianza kuzifuta mwenyewe kabla sijamwomba.

Kwa matumizi ya darasani niliongeza kipimo kimoja: nilipakua phyphox, programu ya bure ya Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, inayoonyesha vihisio vyote vya simu. Simu mbili za bei ya chini hazikuwa na kihisio cha sumaku, kwa hiyo hata dira hazina. Nikazikataa, akanitafutia nyingine. Zile tano za maabara zilikuwa zimetumika, nikalipa shilingi 130,000 kila moja, na yangu 240,000. Nikapewa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na udhamini wa mwezi mmoja ameuandika nyuma kwa mkono.

Siku ya kwanza na Kidato cha Nne tulipima kasi ya sauti. Simu mbili juu ya madawati, umbali wa mita 5, kila moja ikiwa na saa ya phyphox inayoanza na kusimama kwa kusikia sauti. Mwanafunzi wa huku anapiga makofi mara moja, saa zote zinaanza; wa kule naye anapiga, zinasimama. Tofauti ya saa hizo mbili ni muda ambao sauti imetumia kwenda na kurudi, yaani mita 10. Mara mbili tulikosa, kwa sababu dirisha lilikuwa wazi na bodaboda zinapita. Tukafunga. Ya tatu ikatupa sekunde 0.029. Binti wa dawati la mbele akagawanya: mita 345 kwa sekunde. Akarudia kugawanya bila kuinua kichwa, kisha akaomba apige makofi yeye.

Kasoro zipo. Simu moja ilikuwa inaisha chaji kabla ya vipindi viwili kumalizika. Niliituma Kariakoo kwa basi, ikarudi na betri nyingine bila malipo, ingawa nauli ya kifurushi nililipa mwenyewe. Kamera za zile tano ni hafifu, picha ya ubaoni haisomeki vizuri ukiwa dawati la nyuma. Yangu haijanisumbua: nyumbani natumia mtandao mmoja na shuleni mwingine, kwa kuwa bondeni pale shule ilipo ule wa kwanza haushiki.

Mkuu wa shule ameuliza kama zinaweza kuongezwa mbili. Likizo ya Juni narudi Aggrey kwa kijana yule yule, na laini zangu mbili mkobani.